Kabla ya Kuchimba Msingi: Fahamu Kiwanja cha Mjini Kinaruhusiwa Kubeba Nini

Katika mji wa Nyeri, Karatina, Othaya na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kiwanja cha futi 50 kwa 100 ndicho kipimo ambacho familia nyingi hupangia maisha. Wapo wanaokinunua kwa mkopo wa sacco, wapo wanaokirithi kutoka kwa wazazi, na wapo wastaafu wanaotia humo kiinua mgongo chao chote wakitarajia kuishi kwa kodi ya wapangaji.

Hata hivyo, viwanja viwili vyenye ukubwa ule ule vinaweza kutofautiana kabisa kwa mtu anayetaka kujenga. Kimoja huenda kikaruhusiwa jengo la wapangaji la orofa kadhaa, na kingine kikaruhusiwa nyumba moja ya familia basi. Tofauti hiyo haionekani mnunuzi anapopelekwa na wakala kuona kiwanja, wala haiandikwi kwenye bango la "Ploti Inauzwa". Imo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo, katika masharti ya hatimiliki, na katika mabomba na barabara zinazofika mahali hapo, au zisizofika.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kujua kiwanja chake kinaruhusiwa nini kabla ya kukinunua, kukigawa au kukijenga. Swali lenyewe ni rahisi, na jibu lake hupatikana katika ofisi za mipango za kaunti. Likiulizwa mapema, humgharimu mkazi muda na ada kidogo. Likiulizwa baada ya zege kumwagwa, laweza kumgharimu nyumba.

ARDHI NI YANGU, KWA NINI NIOMBE RUHUSA?

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Kifungu cha 66 nacho kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi, miongoni mwa sababu nyingine. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeweka kazi ya mipango, upimaji wa ardhi na nyumba mikononi mwa serikali za kaunti.

Sheria inayoongoza kazi hiyo ni Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya mipango ya 1996. Kifungu chake cha 57 kinasema kuwa mtu yeyote haruhusiwi kuendeleza ardhi katika kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Neno "kuendeleza" halimaanishi kujenga nyumba mpya tu. Kuongeza orofa juu ya nyumba iliyopo, kugawa kiwanja, na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa hosteli, kliniki au duka, yote yanahitaji kibali.

Mpango wa eneo hugawa mji katika kanda. Kila ukanda una matumizi yake: makazi ya watu wachache, makazi ya watu wengi, biashara, viwanda, taasisi za umma, maeneo ya wazi. Mgawanyo huu una historia. Nyeri ilianza 1902 kama kituo cha utawala wa Waingereza, na kwa miongo mingi ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Ndiyo sababu mji una sura tofauti tofauti hadi leo. Upande wa Ring Road kuna viwanja vipana vilivyokusudiwa nyumba moja moja. Majengo ni mtaa wa nyumba zilizosongamana. Pembeni mwa mji, mashamba ya familia yaliyopimwa wakati wa kuunganisha vipande vya ardhi katika miaka ya 1950 yanageuka mitaa mwaka baada ya mwaka. Kanuni zilizofaa sehemu moja haziwezi kufaa zote.

MAMBO MANNE AMBAYO KANUNI ZA UKANDA HUPIMA

La kwanza ni matumizi: kiwanja ni cha nyumba ya kuishi, cha biashara, au cha vyote viwili.

La pili ni sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Hii hutajwa kwa asilimia. Ikiwa ukanda unaruhusu asilimia 50, basi nusu ya kiwanja inaweza kuwa chini ya paa, na nusu iliyobaki hubaki wazi kwa ajili ya mwanga, hewa, maegesho na maji ya mvua.

La tatu ni jumla ya sakafu zote. Hapa huhesabiwa orofa zote pamoja na kulinganishwa na ukubwa wa kiwanja. Kipimo cha asilimia 100 kina maana kwamba ukijumlisha sakafu ya chini na za juu, jumla isizidi ukubwa wa kiwanja chenyewe. Mara nyingi huandamana na idadi ya juu kabisa ya orofa.

La nne ni umbali wa jengo kutoka barabarani na kutoka mipaka ya majirani. Nafasi hiyo ndiyo inayopitisha mwanga dirishani, na ndiyo inayoruhusu gari la zimamoto kufika. Katika miji ya mlimani, ambako bado kuna safu nyingi za nyumba za mbao za kupangisha, nafasi kati ya nyumba na nyumba ndiyo huamua kama moto utakula chumba kimoja au mtaa mzima.

HESABU YA MFANO

Tuchukue kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Takwimu zifuatazo ni za kuonyesha tu jinsi hesabu inavyofanywa. Takwimu halisi za kila mtaa hutoka katika mpango wa eneo husika.

Tuseme kiwanja kiko katika ukanda unaoruhusu kufunika asilimia 50, na jumla ya sakafu asilimia 100. Jengo litakaa juu ya futi za mraba 2,500 na sakafu zote zitakuwa futi 5,000. Mwenye kiwanja anaweza kujenga orofa mbili za futi 2,500 kila moja, au nne za futi 1,250. Orofa nne hazimpi nafasi zaidi ya mbili. Zinamwachia tu uwanja mkubwa zaidi.

Sasa aondoe nafasi ya mipakani. Ikiwa anatakiwa kuacha futi 20 mbele, futi 10 nyuma na futi 5 kila upande, sehemu anayoweza kuweka jengo ni futi 40 kwa 70, yaani 2,800. Hapo bado anatosha. Kati ya zile futi 5,000 za sakafu, tuseme moja ya tano itachukuliwa na ngazi na njia za kupitia. Zinabaki futi 4,000. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala ikichukua futi 500, atapata nyumba nane.

Mara nyingi mtu huja na mchoro mwingine aliochorewa mtaani: orofa tano zilizojaza kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta, bedsita 24. Kwenye karatasi, kodi ya bedsita 24 inapendeza kuliko ya nyumba nane. Lakini bedsita 24 zenye watu watatu watatu ni watu 72. Kila mmoja akitumia lita 50 za maji kwa siku, hizo ni lita 3,600 zinazoingia kwenye kiwanja na kutoka kama maji taka, kila siku. Familia ya watu watano ingetumia lita 250. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya familia hujaa, na yanayofurika huenda kwa jirani wa chini.

KINACHOAMUA NI BOMBA NA BARABARA

Wakazi wengi hudhani idadi ya orofa hupangwa ofisini kwa kukisia. Ukweli ni kwamba nyuma ya kila takwimu kuna swali la uwezo: maji yanayofika, maji taka yanayoondoka, magari yanayopita, na mteremko wa ardhi.

Bomba la maji taka ndilo la kwanza kuuliziwa. Mjini Nyeri, huduma hiyo hutolewa na kampuni ya maji ya Nyewasco, lakini si kila mtaa umefikiwa na bomba kuu. Pasipo bomba, mwenye kiwanja huhitaji tanki la maji taka pamoja na shimo la kunywesha maji ardhini, na vyote viwili huhitaji eneo la wazi. Kwa hiyo kiwanja kile kile cha futi 5,000 kinaweza kushushwa hadi kufunikwa asilimia 35 na jumla ya sakafu asilimia 50. Jengo likawa na futi 2,500 tu za sakafu, nusu ya zile za mfano wetu. Jambo hili si la Nyeri peke yake. Jijini Nairobi pia, mwongozo wa kanda uliotumika kwa miaka mingi ulitofautisha, katika baadhi ya mitaa, kiwanja kilichounganishwa na bomba la maji taka na kisichounganishwa.

Barabara ni ya pili. Njia nyembamba inayotosha magari ya nyumba kumi haitoshi magari ya nyumba mia moja, na gari la kunyonya maji taka au la zimamoto likishindwa kupita, wanaoumia ni wapangaji.

La tatu ni mteremko. Nyeri imejengwa juu ya migongo ya vilima na mabonde. Kiwanja chenye mteremko mkali huhitaji kukatwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe au zege, na gharama hiyo huweza kumeza faida ya orofa moja nzima. Udongo ukikatwa vibaya, mvua za Machi hadi Mei huuleta chini pamoja na msingi wa jirani.

Kwa hiyo mnunuzi makini hauulizi tu ukubwa wa kiwanja. Huuliza bomba la maji taka liko umbali gani, barabara ina upana gani, na maji ya mvua huelekea wapi.

MIPAKA ISIYOONEKANA KWENYE HATI

Hatimiliki inaweza kuwa halali na bado sehemu ya kiwanja ikawa haijengeki. Mambo yafuatayo yakaguliwe mapema.

Kingo za mito. Kanuni za mazingira nchini zinalinda ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, ukipimwa kutoka mahali maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa zaidi. Hili linahusu viwanja vilivyo kando ya Chania na Muringato mjini Nyeri, Ragati huko Karatina, Likii huko Nanyuki na Rupingazi huko Embu. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la orofa kadhaa lililokuwa karibu na mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 40. Halikuwa na idhini ya ujenzi.

Hifadhi ya barabara na reli. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki inapita Karatina na Kiganjo, na treni zilirejeshwa humo mwaka 2020. Ardhi ya reli ni ya umma hata pale ambapo nyasi zimeota na watu wakalima. Vivyo hivyo, viwanja vilivyo kando ya barabara kuu, ikiwemo ile ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, vilinganishwe na ramani ya hifadhi ya barabara kabla ya pesa kutolewa.

Njia za umeme. Chini ya nyaya za umeme mkubwa hapajengwi, hata kama kiwanja kina hati.

Viwanja vya ndege. Majengo yaliyo karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Nyaribo, au na viwanja vya ndege vya Nanyuki, huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kuhusu urefu wake.

SOMA HATI YENYEWE, SI JALADA LAKE

Viwanja vya mjini huwa vya aina mbili. Kuna vile vya umiliki wa kudumu, ambavyo mara nyingi vilitokana na mashamba. Na kuna vya kukodi kutoka Serikalini kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 99. Vya kukodi huwa na masharti maalumu yaliyoandikwa ndani ya hati. Sharti moja la kawaida katika mitaa ya zamani ni kwamba kiwanja kitumike kwa nyumba moja ya kuishi tu. Sharti hilo haliondoki kwa sababu mmiliki amebadilika. Huondolewa kwa kuomba mabadiliko ya matumizi.

Ni muhimu pia kuhesabu miaka iliyobaki. Kiwanja kilichopewa miaka 99 mwaka 1950 kitafikia mwisho mwaka 2049. Anayetaka kukopa benki ili ajenge aanze na ombi la kuongezewa muda, kwa maana benki nazo huhesabu.

Kwa ardhi ambayo bado ni ya kilimo, mauzo na ugawaji huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na kujenga nyumba za kupangisha huhitaji kwanza matumizi yabadilishwe kutoka kilimo hadi makazi. Wanaouziwa vipande vya shamba vikiitwa "ploti" wadai kuonyeshwa kibali cha ugawaji. Mawe ya mipaka yaliyopandwa na muuzaji si kibali.

URITHI: KUGAWA ARDHI AU KUGAWA JENGO?

Swali hili huzigawanya familia nyingi. Mzee ameacha robo ekari mjini na watoto wanne. Robo ekari ni futi za mraba 10,890. Kila kipande lazima kifikike kwa njia. Njia ya upana wa futi 20 ikipita urefu wa futi 100 inachukua futi 2,000. Zinazobaki zikigawanywa kwa wanne, kila mmoja hupata takriban futi 2,222, chini ya nusu ya kiwanja cha 50 kwa 100. Kila mmoja akitoa nafasi ya mipakani na ya shimo la maji taka, hubaki na sehemu ya kujenga chumba na jiko. Na kama kipande ni kidogo kuliko kiwango cha chini cha ukanda huo, ugawaji hauidhinishwi kabisa.

Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020 inatoa njia nyingine. Familia inaweza kuacha ardhi ikiwa nzima, kuomba kibali cha jengo moja, kisha kila nyumba ndani ya jengo hilo ikasajiliwa kwa hati yake. Ngazi, ua, tanki na paa hubaki mali ya pamoja, chini ya shirika la wenye nyumba. Robo ekari nzima hubeba zaidi ikiwa moja kuliko ikiwa vipande vinne, kwa sababu nafasi ya mipakani na ya maji taka huachwa mara moja badala ya mara nne. Njia hii hudai maelewano ya kudumu kuhusu gharama za pamoja, na familia iyaandike kabla ya ujenzi kuanza.

HATUA ZA KUPATA KIBALI

1. Fanya uchunguzi rasmi wa hati kwa msajili wa ardhi, uchukue nakala ya ramani ya kiwanja, na uhakikishe reti za kaunti zimelipwa.

2. Fika ofisi ya mipango ya kaunti au ya manispaa ukiwa na namba ya kiwanja. Uliza kiko ukanda gani, kinaruhusu nini, na kama mpango wa eneo hilo unafanyiwa marekebisho.

3. Tumia wataalamu waliosajiliwa: mpangaji wa miji kwa mabadiliko ya matumizi na ugawaji, mpima ardhi kwa mipaka, msanifu kwa michoro, na mhandisi kwa nguzo na misingi. Omba namba ya usajili ya kila mmoja na uithibitishe.

4. Wasilisha ombi pamoja na ada iliyowekwa na sheria ya fedha ya kaunti. Dai risiti rasmi. Malipo yoyote yasiyo na risiti hayatambuliwi.

5. Toa tangazo kwa umma kama sheria inavyotaka. Bango husimikwa kwenye kiwanja ili majirani wajue kinachokusudiwa.

6. Ombi hupelekwa kwa idara na mashirika mengine, kama vile afya ya umma, barabara, maji na upimaji. Hawa hupewa siku 14 kutoa maoni. Miradi inayoweza kuathiri mazingira huhitaji pia tathmini inayowasilishwa kwa NEMA.

7. Uamuzi hutolewa kwa maandishi. Sheria inatarajia mwombaji ajibiwe ndani ya siku 60. Kibali huja na masharti. Yasome yote, kwa sababu kuvunja sharti ni sawa na kujenga bila kibali.

8. Sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, tumia mkandarasi aliyesajiliwa, na uwaite wakaguzi kila hatua. Wapangaji wasiingie kabla ya cheti cha kuruhusu jengo kutumika.

HAKI YA JIRANI

Kanuni za ukanda humlinda pia asiyejenga. Mkazi anayeona bango la mabadiliko ya matumizi kwenye kiwanja cha jirani anaweza kuandika pingamizi ndani ya muda uliotajwa. Pingamizi lenye uzito hutaja jambo mahususi: kisima kilicho karibu, njia isiyotosha, dirisha litakalozibwa, maji ya mvua yatakayoelekezwa kwake. Kuandika tu kwamba "hatutaki wapangaji mtaani" hakutasaidia.

Asiyeridhika na uamuzi wa kibali anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Kutoka hapo, njia iko wazi kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo mjini Nyeri. Malalamiko kuhusu leseni za mazingira hupelekwa kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira.

ALIYEJENGA BILA KIBALI

Anayeanza kujenga bila kibali anatenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, anaweza kuamriwa kurudisha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku zisizozidi 90, kwa gharama yake.

Anayepewa ilani ya utekelezaji asiiweke kabatini. Ilani hutaja kosa na kinachotakiwa kufanywa, na anayeipokea ana siku 14 za kukata rufaa. Siku hizo zikipita kimya, nafasi ya kujitetea hupungua sana. Aliye tayari kurekebisha afike ofisini na msanifu au mhandisi wake mapema. Pengine orofa mbili za chini zinaweza kuidhinishwa, hata kama ile ya tatu italazimika kutoka.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Jirani amejenga orofa tano. Kwa nini mimi nizuiwe kwenye mbili? Huenda kiwanja chake kiko ukanda mwingine, au ni kikubwa zaidi, au kimeunganishwa na bomba la maji taka. Huenda pia alijenga kinyume cha sheria na ilani inamsubiri. Jengo la jirani si kibali cha mtu mwingine.

Naishi karibu na chuo. Naweza kupangisha vyumba vya nyumba yangu kama hosteli? Kuwa na mpangaji mmoja au wawili nyumbani ni jambo moja. Kugeuza nyumba nzima kuwa hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi au cha Karatina ni mabadiliko ya matumizi, na yanahitaji kibali.

Nikitaka kufungua duka katika chumba cha mbele? Hiyo huitwa nyongeza ya matumizi. Huombewa kibali, na baada yake huja leseni ya biashara. Leseni peke yake haibadilishi matumizi ya ardhi.

Siku 60 zimepita na sijajibiwa. Nianze? Sheria inamlinda mwombaji aliyenyamaziwa kwa siku 60. Hata hivyo, ni busara kuandika barua ya kufuatilia, kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na kuhakikisha ombi lilipokelewa likiwa kamili kabla ya kumwita fundi.

KABLA YA KUTOA PESA

Mkazi anayetaka kununua kiwanja cha mjini awe na majibu haya kwa maandishi: hati ni ya nani na ina masharti gani, imebakiza miaka mingapi kama ni ya kukodi, kiwanja kiko ukanda gani, kinaruhusiwa kufunikwa kiasi gani na kubeba jumla ya sakafu kiasi gani, bomba la maji taka liko wapi, kama kinagusa mto, reli, barabara au nyaya za umeme, na kama kuna ilani au deni la reti juu yake.

Mipango ya maeneo hupitiwa upya, na wakazi hualikwa kutoa maoni kabla haijapitishwa. Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, na bado ndimo idadi ya orofa za kila mtaa huamuliwa. Anayetaka mtaa wake uruhusiwe majengo makubwa zaidi, na anayetaka ubaki wa nyumba za familia, wote wawili mahali pao pa kusema ni hapo, kabla mpango haujatiwa sahihi.